Kuvizia msafara mkiwa wanne: mwongozo kwa wachezaji wa Dungeons & Dragons

Katika mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kundi la wahusika wanne au watano likivizia msafara, kwa kawaida raundi ya kwanza huenda vizuri. Mishale inapata, walinzi wawili wanaanguka, meza nzima inashangilia. Raundi ya pili walinzi waliobaki wamejibanza nyuma ya mkokoteni na dereva anawachapa farasi viboko. Raundi ya tatu mkokoteni umeshatoweka, au walinzi wamepanda kilima na mchawi wenu yuko chini anavuja damu. Mpango wote uliishia kwenye mshtukizo, na mshtukizo unakupa sekunde 6 tu, yaani raundi moja. Muda uliobaki unaupata kwa kumzuia adui asitoke alipo na asikufikie ulipo. Ukilishika hilo, mengine yote ni vipimo.

Mwongozo huu unafuata kanuni za toleo la tano zilizotoka mwaka 2014, kwa kuwa meza nyingi bado zinazitumia. Pale kanuni za 2024 zinapobadilisha jambo kubwa, limetajwa. Vipimo ni vya futi kama vilivyo kwenye mchezo: mraba mmoja wa ramani ni futi 5, karibu mita moja na nusu.

Mfano wetu ni huu. Mikokoteni miwili, madereva wawili, walinzi sita wa kawaida na mbwa mmoja mkubwa. Upande wenu mko wanne wa ngazi ya 3: mpiganaji mwenye upinde mrefu, mwizi mwenye upinde mfupi, druidi (mchawi wa nguvu za asili), na kasisi aliyevaa deraya ya minyororo.

Piga hesabu kabla ya kuchagua mahali

Mlinzi wa kawaida ana namba ya kinga 16 na pointi 11 za uhai. Mhusika wenu mwenye nyongeza ya +5 kwenye shambulizi anahitaji kupata 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani nusu kwa nusu. Akishambulia bila kuonekana anapata faida: anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa, na nafasi yake inapanda hadi 75 kwa 100. Mshale wa upinde mrefu kwa mtu mwenye nyongeza ya +3 unatoa wastani wa pointi 7.5. Kwa hiyo hata mkiwa wote wanne mnarusha mishale bila kuonekana, raundi ya kwanza itawapa mishale mitatu iliyopata, kama pointi 22, yaani walinzi wawili. Raundi ya pili mmeshaonekana, faida imekwisha, mnapata mishale miwili tu, na mlinzi mmoja zaidi anaanguka.

Sekunde 12 zimepita na nusu ya walinzi bado wamesimama na mikuki mkononi. Hesabu hii ndiyo inayopaswa kuwatawala. Kundi dogo haliwezi kumaliza msafara kwa mshangao peke yake, isipokuwa adui ni dhaifu sana au wahusika wana ngazi ya 5 kwenda juu na mashambulizi mawili kila zamu. Mwizi mwenye pigo la siri anapunguza pengo kidogo: kwenye ngazi ya 3 mshale wake mmoja unafikia wastani wa 13.5, unaotosha kumwangusha mlinzi. Kwa hiyo mwizi apewe shabaha yake mwenyewe na asilundikwe na mpiganaji kwa mlinzi mmoja.

Ukiona hesabu inaonyesha kuwa baada ya raundi mbili watabaki maadui wengi kuliko ninyi, na hamna uchawi wa kuwafunga mahali, tafuteni msafara mwingine. Ushauri huu haupendwi mezani, lakini ndio unaookoa wahusika wengi zaidi.

Mahali: kona, kizuizi na umbali wa futi 65 hadi 80

Msafara ukiwa mwendoni hujinyoosha. Mkokoteni na farasi wake unachukua kama futi 20. Weka nafasi kati ya mikokoteni, mlinzi mmoja mbele, mmoja nyuma, na msafara wetu mdogo unafikia futi 100 au 120. Uchawi wa Entangle, unaootesha mizizi ya kuwanasa watu mahali walipo, unafunika mraba wa futi 20 kwa 20 tu. Mkiurusha kwenye msafara ulionyooka mtawanasa walinzi wawili, watatu mkibahatika.

Dawa yake ni kuufanya msafara ujikusanye wenyewe. Angusha mti kuvuka njia mara tu baada ya kona, ili dereva wa kwanza auone akiwa futi 30 au 40 kutoka hapo. Akisimama, mkokoteni wa pili unaendelea kusogea, walinzi wa nyuma wanakuja mbele kuona kuna nini, na wawili au watatu wanaanza kuusukuma mti. Sasa watu watano wako ndani ya futi 20. Mti ukiwa kwenye njia iliyonyooka wataugundua wakiwa mbali, watasimama huko huko, watajipanga, na mtakuwa mmewapa tahadhari bure.

Namna mti ulivyoanguka ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Shina lililokatwa kwa shoka lina sura nyeupe na vipande vya mbao vimetapakaa chini. Msimamizi makini wa mchezo (anayeendesha dunia na maadui) atauliza, na mlinzi atarusha dadu ya uchunguzi. Chimbueni mizizi upande mmoja na muuvute kwa kamba, au mchague mti uliokwisha kuoza na muanzie hapo. Kama hamna muda, chukueni mkokoteni wenye gurudumu lililovunjika. Tatizo lake ni kwamba mkokoteni unahitaji mtu wa kusimama kando yake na kuongea, na mtu huyo ataanza pambano akiwa futi 10 kutoka kwenye mikuki.

Wanaorusha wakae umbali gani? Zaidi ya futi 60, pungufu ya 80. Mlinzi hutembea futi 30 kwa zamu, na akitumia zamu nzima kukimbia anafika 60. Ukiwa futi 65 hawezi kukimbia na kukuchoma mkuki katika zamu moja. Mkuki wa kurushwa nao mwisho wake ni futi 60. Viumbe wenye macho ya gizani, kama elfi (elves) na vibeti (dwarves), wengi wao huona hadi futi 60. Upande wa pili, upinde mfupi na ule mwepesi wa kufyatua vina futi 80 kabla ya kuanza kurusha kwa hasara (dadu mbili, ndogo ikihesabika), na Entangle inafika futi 90. Kati ya 65 na 80 silaha zenu zote zinafika na za mlinzi hazifiki. Kati yenu na njia pakiwa na kijito, vichaka vizito au mteremko wa mawe unaohesabika kama ardhi ngumu kupita, mwendo wa adui unakatwa nusu na mnapata raundi nzima ya ziada.

Kona, mteremko upande mmoja na kizuizi upande wa pili ni mpango wa zamani na uliwahi kufanya kazi kweli. Tarehe 15 Novemba 1315 huko Morgarten, Uswisi, msafara wa wapanda farasi wa Leopold wa Kwanza wa Austria ulibanwa kati ya ziwa Ägeri na mlima. Njia ilikuwa imezibwa mbele, mawe na magogo yakaporomoshwa kutoka juu, kisha watu wa Schwyz wakashuka na mashoka ya mpini mrefu. Mashujaa wenye deraya nzito hawakuwa na nafasi ya kugeuza farasi. Ziwa lilifanya kazi ambayo ingehitaji mamia ya watu. Ninyi mko wanne, kwa hiyo tafuteni ziwa lenu: mto, genge, ukuta wa shamba, kinamasi. Kila upande ambao ardhi imeuziba ni upande ambao hamhitaji kuweka mtu.

Nani akae wapi

Msijigawe pande mbili za njia mkitazamana. Kanuni hazisemi kwamba mshale uliokosa unampata rafiki, lakini kiumbe aliyesimama kati yako na shabaha anaipa shabaha +2 ya kinga, na druidi atashindwa kupata eneo la kurusha uchawi bila kumgusa mwenzake. Umbo zuri kwa watu wanne ni herufi L. Watatu wanakaa upande mrefu, kando ya njia kwenye mteremko. Mmoja anakaa upande mfupi, mbele ya kizuizi, akitazama msafara unakotoka.

Huyo wa upande mfupi ni kasisi. Ana deraya na ngao, na kazi yake ni kuuziba mdomo wa njia kwa yeyote atakayeruka mti na kukimbia mbele. Asisogee. Wachezaji wa wahusika wenye nguvu huchoka kusubiri, na raundi ya pili utawasikia wakisema "nakwenda kumpiga yule". Akiondoka pale, dereva anapita na kwenda kuita jeshi la mjini.

Nyuma ya msafara hamna mtu wa kuweka, kwa hiyo wekeni kitu. Mfuko mmoja wa miba ya chuma yenye ncha nne una miba 20, bei yake ni sarafu moja ya dhahabu, na unafunika mraba mmoja wa futi 5. Njia ya mkokoteni yenye upana wa futi 10 inahitaji mifuko miwili kwa mstari mmoja. Anayepita lazima apate 15 kwenye dadu ya wepesi au asimame papo hapo, aumie pointi 1 na apungukiwe futi 10 za mwendo hadi atibiwe. Farasi wa mizigo hana nyongeza ya wepesi, hivyo hushindwa mara 70 kati ya 100. Miba haiwezi kutandazwa kabla msafara haujapita, kwa hiyo mwizi ndiye anayeimwaga njiani baada ya mkokoteni wa mwisho kupita kona, kisha anarudi vichakani kwa kunyata. Hapo ndipo mipango mingi huharibika. Kama mwizi wenu hana nyongeza nzuri ya kujificha, acheni miba na mtumie uchawi.

Uchawi unaofaa nyuma ya msafara ni Spike Growth. Unafunika duara lenye nusu kipenyo cha futi 20, na kila futi 5 anazotembea mtu ndani yake zinamtoa pointi 2d4, yaani jumla ya dadu mbili za pande 4. Mlinzi mwenye pointi 11 akikimbia futi 15 humo ndani huenda asitoke hai. Tatizo ni kwamba Spike Growth na Entangle zote zinahitaji kushikiliwa kwa akili ya aliyezirusha, na mtu mmoja hawezi kushikilia uchawi miwili kwa wakati mmoja. Mkiwa na druidi mmoja, chagueni. Msafara ukiwa umejikusanya, Entangle. Ukiwa umetawanyika na njia ni nyembamba, Spike Growth.

Kujificha, na yule mmoja anayeharibu

Kwa kanuni za 2014, dadu ya kujificha ya kila mviziaji inalinganishwa na umakini wa kawaida wa kila adui, ambao ni 10 jumlisha nyongeza yake. Mlinzi ana 12. Adui akimgundua hata mmoja wenu, adui huyo hajashtukizwa. Kwa hiyo nguvu ya mavizio ni ile ya mtu wenu mwenye kelele kuliko wote.

Kasisi wetu hana nyongeza ya wepesi, na deraya ya minyororo inamlazimu kurusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Kupata 12 au zaidi kwa dadu moja ni nafasi 45 kwa 100. Kwa dadu mbili, ndogo ikihesabika, inashuka hadi 20. Mara nne kati ya tano mavizio yenu yanagunduliwa kwa sababu ya chuma cha mtu mmoja. Mkiongeza uchawi wa Pass without Trace wenye +10 kwenye kujificha, anahitaji kupata 2 tu, na nafasi yake inapanda hadi 90 kwa 100. Uchawi huu wa ngazi ya pili ndio unaobadilisha kila kitu kwa kundi dogo.

Lakini angalieni mipaka yake. Unawafunika walio ndani ya futi 30 kutoka kwa druidi, basi. Kasisi aliye kwenye ncha ya L, futi 60 kutoka kwa druidi, hayumo. Wachezaji wengi hawalioni hili hadi msimamizi anapopima kwenye ramani. Njia mbili za kulitatua: mvute druidi akae kwenye pembe ya L ili pande zote mbili zimfikie, au kasisi avue deraya na kuvaa ya ngozi kwa saa hiyo moja, akubali kinga kushuka. Ya kwanza ni bora, na ndiyo inayopaswa kuamua urefu wa L yenu. Isizidi futi 30 kila upande.

Pass without Trace pia unashikiliwa, kwa muda usiozidi saa moja. Druidi akirusha Entangle, ule wa kwanza unakatika. Hilo halina ubaya, kwa kuwa mkishashambulia hamhitaji tena kujificha. Kinachosumbua ni ile saa moja: druidi asiurushe kabla mtazamaji wenu hajaona vumbi la msafara.

Mbwa ni habari nyingine. Umakini wake wa kawaida ni 13, na kwa kuwa ana faida kwenye kusikia na kunusa, unaongezwa 5 na kuwa 18. Hata mpiganaji mwenye +3 atampita mara 30 tu kati ya 100 bila uchawi. Kwa Pass without Trace inakuwa 80. Kaeni upande ambao upepo unatoka kwa msafara kuja kwenu, na mwambieni msimamizi waziwazi kwamba mmefanya hivyo. Kanuni haziandiki kitu kuhusu upepo na harufu, lakini wasimamizi wengi watawapa mbwa hasara kwa sababu hiyo. Mkisahau kusema, hamtapewa.

Usiku unawapendelea wanaovizia kuliko mchana, hata kama ninyi ni binadamu watupu. Walinzi wenye mienge wanawamulika wenyewe: mwenge unatoa mwanga kamili futi 20 na mwanga hafifu futi 20 zaidi. Ninyi mlio futi 65 mnawaona, wao hawawaoni. Hata baada ya mshale wa kwanza kufichua mahali ulipo, wao bado wanarusha gizani kwa hasara na wewe bado unarusha kwa faida, raundi baada ya raundi. Msije tu mkamulikwa na mwezi mkiwa juu ya kilima kitupu.

Kwa wanaotumia kanuni za 2024: aliyeshtukizwa hapotezi zamu yake, anarusha tu dadu ya zamu (ya kuamua nani aanze) kwa hasara. Kujificha nako kunahitaji kupata 15, ukiwa nyuma ya kitu kinachokuziba angalau robo tatu au mahali pasipoonekana kabisa. Maana yake ni kwamba walinzi wengine watacheza kabla yenu hata mkiwa mmewavizia vizuri. Kizuizi, umbali na ardhi ngumu kupita ndivyo vitakavyowabeba.

Ishara

Ishara iwe shambulizi lenyewe, la mtu mmoja aliyechaguliwa, na wengine wasifanye lolote kabla yake. Filimbi, mlio wa bundi, kutikisa tawi: vyote hivi vinampa adui nafasi ya kurusha dadu ya umakini kabla hamjapata chochote. Anayeanza awe druidi na Entangle. Mwacheni aangalie mpaka walinzi wengi waliokusanyika wawe ndani ya mraba wake. Wote wengine wanasubiri hata kama shabaha nzuri inapita mbele ya macho yao.

Historia yetu wenyewe ina mfano wa ishara iliyokuja kabla ya wakati. Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, karibu na Iringa, mashujaa wa Mkwawa waliuvizia msafara wa Kijerumani wa Emil von Zelewski wakiwa wamejificha nyuma ya mawe na vichaka. Inasimuliwa kwamba ishara ilipaswa kuwa mlio wa bunduki msafara ukishaingia wote, lakini ofisa mmoja wa Kijerumani akampiga ndege risasi, Wahehe wakadhani ndiyo ishara, wakatoka. Walishinda kwa kishindo na Zelewski aliuawa, ila walinzi wa nyuma chini ya Luteni von Tettenborn walikuwa bado hawajaingia mtegoni. Walishika kilima wakanusurika. Chagueni ishara ambayo haiwezi kutokea kwa bahati mbaya.

Kosa la mezani linalofanana na hili ni mchezaji kusema "nimeutayarisha mshale wangu, akipita tu naachia" kabla dadu za zamu hazijarushwa. Kutayarisha kitendo ni jambo la ndani ya pambano. Nje yake, mtu wa kwanza akitangaza anashambulia, kila mtu anarusha dadu ya zamu, walioshtukizwa wanapoteza zamu ya kwanza, na mambo yanaendelea kwa mpangilio huo. Ndiyo maana huenda mpiganaji akapata zamu kabla ya druidi. Kubalianeni mapema kwamba anayetangulia atachagua shabaha iliyo nje ya mraba wa Entangle, kwa mfano mlinzi wa mwisho au mwenye baragumu.

Raundi tatu

Raundi ya kwanza druidi anafunga. Nguvu ya uchawi wake ni 13, namba ambayo mlinzi lazima aifikie ili akwepe; mlinzi ana +1, kwa hiyo atanaswa mara 55 kati ya 100. Kati ya watano waliosongamana, tarajieni watatu, wakati mwingine wawili. Mwizi anampiga mwenye baragumu au kiongozi, na mpiganaji anampiga aliyebaki huru na aliye karibu zaidi na kilima. Kasisi anatumia uchawi wa Guiding Bolt, wastani wa pointi 14, kwa yeyote asiyenaswa.

Waliokwisha kunaswa waacheni kwanza. Watu huwapiga hao kwa sababu ni rahisi kuwapata, huku walio huru wakipanda kilima. Aliyenaswa hatembei, anashambulia kwa hasara, na akitaka kujinasua anatumia zamu yake nzima kwa nafasi 45 kwa 100. Huyo atawasubiri.

Raundi ya pili maliza walio huru. Druidi sasa ajifiche kabisa nyuma ya mwamba. Kila akipigwa inabidi arushe dadu ya ustahimilivu kuuokoa uchawi wake, na ukikatika, watatu wanafunguka kwa mpigo. Kumlinda druidi ni muhimu kuliko kuua mlinzi mmoja zaidi.

Kama msafara una mchawi, au baragumu haikuzimwa, kasisi atumie Silence badala ya kushambulia. Duara lenye nusu kipenyo cha futi 20, hadi futi 120 kutoka kwake, na ndani yake hakuna sauti wala uchawi wowote unaohitaji maneno. Mtu aliyefungwa kwa mizizi ndani ya eneo lisilo na sauti ameisha.

Raundi ya tatu waite wajisalimishe. Walinzi wa kulipwa hawafi kwa ajili ya viroba vya mtu mwingine. Msimamizi akiwa mtu wa haki atawapa nafasi ya dadu ya vitisho, na kila anayedondosha mkuki anawapunguzia raundi mbili za kazi.

Kuondoka

Amueni kabla ya yote mambo matatu: mtakutana wapi mkitawanyika, neno gani linamaanisha tunaondoka sasa hivi, na nani peke yake anagusa mizigo. Huyo mmoja apewe dakika moja, yaani raundi 10, na orodha ya kinachotafutwa. Wengine watatu wanatazama njia pande zote. Kundi zima likiinama kwenye mikokoteni, doria inayokuja inalikuta limejikusanya kama walivyojikusanya walinzi.

Wabaski walilijua hili mwaka 778. Tarehe 15 Agosti, kwenye njia ya milima ya Roncevaux, waliushambulia mkia wa jeshi la Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, lililokuwa linarudi kutoka Hispania, wakauangamiza, Roland, mmoja wa makamanda wake, akiwa kati ya waliouawa, wakapora mizigo na kutawanyika giza lilipoingia. Jeshi kubwa liliporudi halikumkuta mtu wa kulipiza kisasi. Walikuwa na silaha nyepesi na waliijua milima. Muda waliuchagua pia: jioni inawapa wanaovizia usiku mzima wa kutoroka, asubuhi inawapa wanaofuatilia mchana mzima.

Njia yenu ya kutoroka isipite kwenye miba yenu wenyewe. Linaonekana jambo dogo hadi msimamizi anapokumbuka iko wapi.

Kwa msimamizi anayewavizia wachezaji

Goblini (viumbe wadogo wakorofi) wanne wenye pinde fupi wanaweza kuua kundi la ngazi ya 1 katika raundi moja ya mshtukizo. Goblini ana +6 kwenye kujificha, na mshale wake wastani ni 5.5, huku mchawi wa ngazi ya kwanza mara nyingi ana pointi 7 au 8 za uhai. Punguza idadi, au gawa shabaha zao, au waweke wawili mbali kiasi kwamba wanafika raundi ya pili.

Kisha toa dalili kabla ya dadu yoyote: ndege walionyamaza ghafla, shina lenye alama mpya za shoka, nyayo zinazoacha njia na kupanda mteremko bila kurudi. Wape mbili au tatu, zikiwa zimechanganywa na maelezo mengine ya njia. Mchezaji aliyezisikia akazipuuza hatalalamika. Aliyeviziwa bila dalili yoyote, safari zote zinazofuata atapiga hatua tano, atasimama na kuomba kurusha dadu ya umakini, na mchezo wako utakuwa umekwama barabarani.